Swali lilelile kila wiki: msaada wa programu huria ukae wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimetengeneza programu huria ya hesabu za vikoba: hisa, mikopo, mfuko wa jamii na mgao wa mwisho wa mzunguko. Nilianza na kikundi cha mama yangu hapa Mwanza, sasa inatumiwa na vikundi kama 70, vingi viko Misungwi, Sengerema na Geita. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa wote kwenye tovuti ya GitHub na nina wachangiaji watatu: mmoja yuko Nairobi, mmoja Dodoma, mmoja anasoma Ujerumani. Shida ni msaada. Kila katibu ana namba yangu. Naamka nakuta meseji 40 za WhatsApp, nyingi za sauti, na nusu ni maswali niliyoyajibu wiki iliyopita. Nilifungua grupu, bado wananifuata inbox. Mchangiaji mmoja anataka tuhamie programu ya mazungumzo ya Slack, mwingine Discord, rafiki yangu anasema Telegram, na mimi nilikuwa nafikiria kuweka jukwaa letu wenyewe la majadiliano kwenye mtandao. Nichague ipi? Au nifungue zote ili kila mtu aende anakopenda? Nimechoka, na kuna siku natamani kuifuta programu yote."

Ndugu yangu, pole sana. Vikundi 70 vimekukabidhi hesabu za fedha zao, na hiyo ni heshima ambayo miradi mingi yenye majina makubwa haijaipata. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika ni sentensi ya mwisho. Unatamani kuifuta programu inayofanya kazi vizuri kwa sababu wewe mwenyewe umegeuka kuwa daftari lake. Kila jibu liko kichwani mwako na kwenye simu yako, na kila anayelihitaji lazima akugongee mlango. Ukihamia Slack kesho hali ikiwa hiyohiyo, utaamka ukute meseji 40 za Slack.

Kwa hiyo naomba tuanze nyuma kidogo ya swali lako. Kabla ya kulinganisha Telegram na Discord, jiulize hivi: jibu nikishalitoa, linalala wapi? Na katibu atakayelihitaji miezi sita ijayo atalipataje bila kuniamsha? Ukiwa na jibu la maswali hayo mawili, kuchagua chombo kunakuwa rahisi kuliko unavyodhani.

Tuchukue Jumamosi moja jioni. Kikao kimekwisha, wanachama wanasubiri, sanduku halijafungwa. Katibu anakuandikia: "Kaka programu imegoma." Chini yake picha ya skrini ya kompyuta aliyoipiga kwa simu, imelala upande, mwanga wa flashi umefunika safu ya katikati. Unamuuliza amebofya wapi, anakujibu kwa sauti dakika mbili nzima. Mnazungushana hadi unagundua kwamba amemwingiza mwanachama mpya katikati ya mzunguko bila kujaza tarehe ya kujiunga, ndiyo maana hisa zinasomeka pungufu. Unamwelekeza, anajaza, hesabu zinakaa sawa, anakuombea baraka. Nusu saa imekwenda. Na lile jibu zuri ulilolitoa? Limebaki kwenye simu mbili. Katibu wa Sengerema atakayekwama pale pale Jumatano hawezi kuliona, hata awe na bidii namna gani.

Ulipofungua grupu ulitarajia kuliponya hilo, na kwa siku moja mbili liliponya. Tatizo ni jinsi grupu la WhatsApp lilivyojengwa. Linabeba hadi watu 1,024, kwa hiyo nafasi si shida. Lakini anayeingia leo kwa kawaida haoni yaliyojadiliwa mwaka jana. Kutafuta kunafanyika ndani ya simu ya mtu mwenyewe, kwenye ujumbe alionao tu, na maelezo ya sauti hayatafutiki kwa neno lililosemwa ndani yake. Jibu lako la Jumatatu linafunikwa na salamu, tangazo la msiba na matokeo ya Simba na Yanga kabla Jumanne haijafika. Mwezi wa tatu swali linarudi, wa nne linarudi tena. Wale makatibu wawili watatu waliokuwa wakijibu kwa niaba yako wanachoka kusoma yaleyale, wanalizima grupu sauti, na hao ndio waliokuwa wanajua. Unabaki peke yako. Hivyo ndivyo grupu la watu 200 linavyogeuka kuwa inbox yako yenye watazamaji.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani umelifanya bila kukusudia, kwa sababu karibu kila mmoja wetu amelifanya. Katibu akikufuata inbox unamjibu ndani ya dakika kumi, kwa huruma. Akiuliza kwenye grupu, unajibu jioni. Umewafundisha kwamba mlango wa nyuma ndio unaofunguka haraka. Huwezi kuwalaumu kwa kuutumia.

Sasa wazo la kufungua zote. Naelewa linakotoka, ni ukarimu. Lakini jumuiya yako haina watu wa kutosha kujaza vyumba vitano. Ukiwagawa, kila chumba kinaonekana kimya, na anayeuliza mahali pakimya akikaa siku mbili bila jibu anaamini mradi umekufa. Halafu wewe utalazimika kuchungulia kote, na jibu moja utaliandika mara tano. Mradi mdogo unahitaji mlango mmoja wa kuulizia unaojulikana na kila mtu, na mahali pamoja pa kuweka majibu. Basi.

Pia naomba uliache lile wazo tunaloambiana sana sisi watu wa kompyuta, kwamba watumiaji hawasomi maelekezo. Katibu wa kikoba anasoma katiba ya kikundi, anasoma vijitabu vya hisa, anaandika daftari ambalo wanachama 30 wanaliamini. Anajua kusoma. Maelekezo yetu ndiyo yameandikwa kwa maneno asiyoyatumia. Umeandika "kuhariri rekodi ya mwanachama", yeye anatafuta "nimekosea jina la mama". Hawawezi kukutana.

Tupitie sasa vyombo ulivyovitaja.

Slack ni nzuri kwa ofisi inayolipia. Kwa mradi wa kujitolea, tangu Septemba 2022 mpango wake wa bure unaonyesha mazungumzo ya siku 90 tu, na tangu Agosti 2024 yaliyozidi mwaka mmoja hufutwa kabisa. Mzunguko wa kikoba wenyewe ni mwaka mzima. Maana yake jibu la mgao ulilolitoa Desemba halitaonekana Desemba inayofuata, siku lile swali linaporudi. Kwako hapana.

Discord ilianzishwa mwaka 2015 ikiwalenga wacheza gemu, na vijana wa msimbo wameipenda kwa haki kabisa. Ina sehemu za kuuliza zenye nyuzi, yaani kila swali na majibu yake pamoja, mazungumzo ya sauti ni mazuri. Ila yaliyomo ndani hayapatikani kwa kutafuta Google, na kwa katibu mwenye simu ya kawaida na bando la elfu moja ni programu nzito yenye mambo mengi mageni. Wachangiaji wako watafurahi huko. Makatibu wako hawatafika.

Telegram ina faida ambazo ningezitaka. Grupu linabeba hadi watu 200,000, anayeingia leo anaweza kusoma ya nyuma ukimruhusu, unaweza kuligawa kwa mada, na mtu anaweza kuficha namba yake ya simu. Hili la namba ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwenye WhatsApp, katibu mwanamke akiuliza swali moja tu, watu 200 wana namba yake, na wapo wanaoitumia usiku. Nimewaona makatibu hodari wakiacha kuuliza kwa sababu hiyo pekee, bila kumwambia mtu. Lakini angalia simu za watu wako. Kama wengi wananunua kifurushi cha WhatsApp tu na Telegram hawana, utakuwa umewajengea kisima kizuri kijiji cha pili. Waulize makatibu kumi kabla hujaamua chochote.

Barua pepe sitaizungumzia sana. Wengi wa watu wako wana Gmail waliyofunguliwa siku waliyonunua simu, na neno la siri analijua fundi.

Jukwaa lenu wenyewe ndilo nililolipenda zaidi kati ya mawazo yako, na ndilo nitakalokuomba uliahirishe. Ubora wake unaujua: JamiiForums ipo tangu 2006, na hadi leo ukitafuta jambo kwa Kiswahili kwenye Google mara nyingi unaangukia uzi wa zamani ambao mtu alikwisha uliza hilohilo akajibiwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu tunayoitafuta. Miradi mikubwa mingi hutumia Discourse, programu huria ya majukwaa iliyotoka mwaka 2013. Inataka seva yenye angalau GB 1 ya RAM, na kwenye GB 2 ndipo inapumua. Inataka pia mtu wa kuisasisha, kuhakikisha barua pepe zake zinafika, na kufukuza matangazo ya kamari. Hiyo ni kazi ya pili juu ya ile inayokuchosha. Isitoshe, jukwaa linajibiwa na watu. Leo anayejibu ni wewe. Siku utakapoona maswali mengi yanajibiwa na makatibu wenyewe kabla hujashika simu, hapo jukwaa litakuwa na wenyeji, na nitakuwa wa kwanza kukuhimiza.

Utaona waliotutangulia walifika hapohapo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, una jukwaa lake la Discourse kwa mambo ya kudumu na Slack kwa mazungumzo ya papo kwa papo. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda zinaitumia kwa takwimu, nayo ina jukwaa la wazi ambako mtu wa Dodoma anakuta jibu alilopewa mtu wa Kampala. Kwenye Apache Software Foundation, taasisi inayosimamia miradi mingi huria, kuna msemo wa kazi kwamba jambo ambalo halikuandikwa kwenye orodha ya barua pepe halikutokea. Wanaruhusiwa kuzungumza popote, ila uamuzi lazima urudi mahali pa wazi palipoandikwa. Mnaongea barazani, katibu anaandika daftarini. Vikundi unavyovihudumia vinalijua hilo kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo kwa hali yako ningefanya hivi. Mazungumzo yabaki WhatsApp, kwa sababu ndiko watu waliko. Lakini WhatsApp ipoteze kazi ya kutunza majibu. Majibu yahamie kwenye kurasa nyepesi za wazi, na GitHub Pages, huduma ya GitHub ya kuchapisha kurasa, zinatosha. Ni bure, hazina seva ya kuangalia, Google inaziona, na ukurasa wa maandishi matupu unafunguka hata bando likiwa linaishia. Nakala ya kurasa hizohizo iingie ndani ya programu yenyewe, kwenye kitufe cha Msaada, maana vikao vingi vinafanyika mahali pasipo na mtandao. Ukifanya hili la mwisho peke yake utaona tofauti. Jibu bora ni lile linalokuwepo pale pale mtu alipokwama, Jumamosi jioni, sanduku likiwa wazi.

Namna ya kuhamisha jibu ndiyo penye ufundi, na hapa nitakaa kidogo. Usiandike kitabu. Kila unapojibu swali kwa mara ya pili, simama, fungua ukurasa mpya. Kichwa chake kiwe maneno ya muulizaji, yaleyale aliyotumia, yasiwe maneno yako. Kwa ule mfano wetu ukurasa ungeitwa "Hisa za mwanachama mpya zinaonekana pungufu". Chini yake sentensi moja ya sababu: tarehe ya kujiunga haijajazwa, kwa hiyo programu imeanza kumhesabia leo. Halafu hatua: fungua jina lake, bofya Hariri, jaza tarehe ya kikao chake cha kwanza, hifadhi. Halafu picha moja ya skrini iliyonyooka. Halafu mstari wa mwisho unaosema aone nini akifanikiwa. Dakika kumi na tano, na umemaliza. Kesho swali likirudi unamtumia kiungo pamoja na salamu. Usimtumie kiungo kikavu, atahisi umemfukuza. Mwandikie: "Shikamoo mama, hii ilimpata na katibu wa Misungwi, tuliiandika hapa, ukikwama hatua ya tatu niambie." Kiungo kimebeba kazi, na wewe umebaki mtu.

Na ukiwa unaandika ukurasa wa tatu kuhusu jambo lilelile, acha kuandika. Rekebisha programu. Kama tarehe ya kujiunga inasahaulika kila mara, fanya isiwezekane kuhifadhi bila kuijaza. Maswali yanayorudi ni ramani ya mahali programu inapowaumiza watu, na hakuna mchangiaji atakayekuletea ramani nzuri zaidi ya hiyo.

Inbox utaifunga taratibu. Anayekuja, mjibu hivi: "Swali zuri, liweke kwenye grupu nikujibu pale, wenzako nao wapate." Akiliweka, mjibu haraka kuliko ambavyo ungemjibu inbox, wiki kadhaa mfululizo, hadi wauone mlango wa mbele. Lakini wapo wanaokuja faragha kwa sababu ya haya. Katibu anaogopa wanachama wake wakisikia amekosea hesabu watasema ameiba. Hofu hiyo ni ya kweli, na kikundi kinaweza kuvunjika kwa ajili yake. Huyo msikilize faragha, kisha liulize swali wewe mwenyewe kwenye grupu bila jina wala wilaya, na ulijibu.

Nikuulize kitu kuhusu sanduku. Kikundi cha mama yako, kama vikundi vingi, bila shaka kina sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mradi wako una funguo ngapi? Admini wa grupu ni nani zaidi yako? Akaunti ya GitHub, jina la tovuti, laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho, vyote viko kwako. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia programu ya stoo za maduka ya dawa, na msaada wote ulikuwa kwenye simu yangu moja. Iliibiwa stendi, asubuhi, nikishuka kwenye basi. Namba niliirudisha baada ya siku mbili, magrupu yakarudi na majina yote, lakini yakiwa matupu. Miaka miwili ya majibu ilikuwa imeondoka na ile simu, na sikuwa nimeandika hata ukurasa mmoja. Nilianza kuandika wiki hiyo, kwa uchungu.

Hata vyombo vyenyewe vinaondoka. Mwezi Mei 2021 mtandao wa mazungumzo wa Freenode, uliokuwa nyumbani kwa miradi huria kwa zaidi ya miaka ishirini, uligombaniwa. Wafanyakazi wake wa kujitolea wakaondoka kwa pamoja wakaanzisha Libera.Chat, na miradi kama Ubuntu na Wikimedia ikalazimika kuhama. Yahoo Groups ilifungwa kabisa Desemba 2020, baada ya kumbukumbu za vikundi kufutwa. Waliohama salama ni wale ambao maandishi yao muhimu yalikuwa pia mahali pengine wanapopamiliki. Kurasa zako ziwe kwenye hifadhi ileile ya msimbo, ili kila mchangiaji awe na nakala kamili kwenye kompyuta yake.

Lakini funguo usizigawe kwa uchovu. Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejenga uaminifu kwa takriban miaka miwili ndani ya mradi wa XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, alikuwa ameingiza mlango wa siri kwenye msimbo. Msimamizi wake alikuwa peke yake, amechoka, na akaunti zisizojulikana zilikuwa zikimsukuma amwachie mtu mwingine usukani. Uliponiambia umechoka, nilikumbuka hilo moja kwa moja. Wape funguo watu unaowajua kwa sura, au waliofanya kazi na wewe muda mrefu kwa jambo linaloonekana. Uadmini wa grupu mpe katibu mzoefu, haki ya kuingiza msimbo mpe mchangiaji mmoja tu kwanza, na mwingine apitie kila badiliko linalogusa hesabu.

Na kwa kuwa programu yako inahusu pesa, matapeli watakuja. Sote tumewahi kupokea "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ataingia kwenye grupu, atanakili picha yako, atawafuata makatibu mmoja mmoja akijiita msaada, aombe PIN au "ada ya kuhuisha programu". Andika kwenye maelezo ya grupu, juu kabisa, na kwenye skrini ya kwanza ya programu: programu hii ni bure, hakuna mtu wetu atakayekuomba PIN wala pesa, na hatuanzi sisi kukufuata inbox. Rudia kila mwezi.

Zile picha za skrini nazo zinanisumbua. Ndani yake mna majina, namba za simu na madeni ya watu ambao hawakuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zaidi ya sheria, deni la mtu ni siri yake. Weka ndani ya programu kitufe cha kuficha majina kabla ya kupiga picha, au kikundi cha mfano chenye wanachama wa kubuni ambacho katibu anaweza kurudia tatizo humo. Picha ikiingia kwenye grupu na majina, ifute mara moja na umweleze kwa upole sababu.

Wachangiaji wako watatu ni suala dogo kuliko wanavyolifanya. Wanaotaka Slack au Discord wamezoea kuongea huko, na waongee. Watu wanne hawahitaji sheria. Ila hitilafu ziandikwe kama ishu (taarifa ya tatizo) kwenye GitHub, na maamuzi yaandikwe kwenye Discussions, sehemu ya majadiliano ya GitHub, ambayo imekuwa wazi kwa miradi yote tangu 2021 na inasomeka bila akaunti. Katibu akiripoti hitilafu, mmoja wenu amwandikie ishu, msimlazimishe kufungua akaunti. Iandikeni kwa Kiswahili kama mlivyoipokea, na muongeze mstari mmoja wa Kiingereza juu kwa ajili ya yule atakayefika kutoka mbali. Udhaifu wa usalama pekee ndio usiandikwe hadharani kabla haujazibwa. Wekeni faili la SECURITY.md lenye njia ya faragha ya kuripoti, na muwashe sehemu ya GitHub inayopokea taarifa hizo kwa siri.

Yapo mambo ambayo chombo chochote hakitayamaliza, na ningependa uyajue mapema. Katibu akikuambia pesa zilizomo sandukuni hazilingani na programu, usiwe hakimu kwa simu. Hakikisha programu imejumlisha sawa, mpe taarifa iliyochapwa, kisha mwelekeze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri. Vikundi hivi viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na halmashauri ndiko vinakosajiliwa. Siku utakapotaka kuhifadhi data za vikundi kwenye seva yako, usiifungue kabla hujaketi na mwanasheria na kuulizia usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na wewe mwenyewe: weka saa za msaada, mfano saa mbili hadi saa nne usiku, Jumamosi mchana kutwa kwa sababu ya vikao, Jumapili hakuna. Ziandike kwenye grupu, na uzime sauti nje ya hapo. Ukiona wiki kadhaa zinapita usingizi hauji, chakula hakipiti, na simu ikilia moyo unaruka, nenda kamwone daktari, ana kwa ana. Usilichukulie kama uvivu.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Rudi nyuma siku 30 kwenye WhatsApp, andika kila swali kwenye karatasi, weka mstari kila linaporudi. Chukua matano yenye mistari mingi, yaandikie kurasa. Kisha panda gari uende Misungwi Jumamosi, ukae nyuma ya katibu kikao kizima bila kugusa kompyuta yake, ukiandika kila mahali mkono wake unaposita. Ukirudi, mpe mama yako kurasa tano azisome kwa sauti, na ufute kila neno atakalokuuliza maana yake.